Mtumbwi Uliotoka Kwenye Ndege

Kasese
6 Februari 1956

Dada yangu Bulandina,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, ila tangu waanze kuleta reli hapa, vumbi tunalila na tunalioga. Naandika haraka kwa sababu Abdunoor anaondoa lori lake kuja Bwera akishaswali adhuhuri, na unamjua, hamsubiri mtu.

Juzi aliingia dukani kwetu Mzungu mmoja, Bwana Hollis, kununua kamba na turubai. Anafanya kazi kwenye nyumba ya makumbusho mjini Kampala, ambamo vitu vya zamani huwekwa ili watu waje kuvitazama. Anazunguka akitafuta mabaki ya vita vya kwanza vya Wazungu, na hasa habari za ndege za vita vile. Nilimwambia kwamba baba yangu alikuwa na Wabelgiji kwenye ziwa Tanganyika, akizishika kwa mikono ndege zao za maji zisichukuliwe na upepo. Akatabasamu vilevile kama wanavyotabasamu wote. Nilipomwambia kwamba boya moja la ndege hizo liko nyumbani kwetu mpaka leo, alivua kofia akaketi juu ya sanduku la misumari.

Ndiyo, nasema habari za mtumbwi wako wa pombe. Usicheke. Kitu kile kilitundikwa chini ya ncha ya bawa ili bawa lisizame ndege ikielea majini. Marehemu Mama kulikata juu kwa msumeno na kuanza kukamulia ndizi ndani yake hakukulifanya liwe kitu kingine.

Unakumbuka tulivyokua. Hapo Bwera mtu akidanganya huambiwa "hiyo ni ya Blasio wa Ndege", na Blasio ni baba yetu, na ndege ni zile alizozishika kweli. Nimepigana shuleni kwa ajili ya jina hilo mpaka mwalimu akachoka kunichapa. Sasa Baba anakohoa, na wewe mwenyewe uliniambia hali chakula vizuri. Nataka kabla hajatutoka jina lake liandikwe mahali ambapo watu wasiomjua watalisoma na kuliamini. Ni hilo tu ninalolitaka.

Basi, acha kuuazimisha mtumbwi. Uweke ndani. Bwana Hollis atakuja kuutazama mwezi ujao, na nimekwisha sema na Abdunoor kuhusu kuupakia.

Nduguyo,
Danieri


Bwera
19 Februari 1956

Danieri ndugu yangu,

Milele amina. Barua yako imefika, imekunjwa pamoja na risiti za chumvi za Abdunoor, inanuka samaki.

Unaniambia niuweke ndani. Ningeuweka, ila hauko hapa. Uko kwa Ithungu, jirani yetu, anayemwoza binti yake, na ndizi zimekwisha lala shimoni zinaiva. Nikauchukue leo nimwambie nini? Kwamba Mzungu wa Kasese amevua kofia? Ukitoka kwa Ithungu unakwenda kwenye matanga ng'ambo ya mto, na baada ya hapo ni Pasaka. Kilima chote hiki kimeolewa, kimezikwa na kubatizwa kwa pombe ya mtumbwi ule. Wewe uliye dukani unauomba kama mtu anayeomba chumvi. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi ndiye ninayemlisha Baba, na ninamlisha kwa hiyo pombe.

Nilimsomea barua yako. Alifurahi mwanzoni, akanisimulia tena habari za injini inavyonguruma. Halafu akauliza, "Nani atabeba?" Nikasema Abdunoor. Akageukia ukutani. Baadaye akasema tu, "Hapana. Iache hapa." Sikujua kama ni kikohozi au ni uzee. Umuulize mwenyewe.

Jambo moja ninakuomba kama dada yako: mlete Mzungu wako, lakini usimlete na chifu wa gombolola. Mwaka huu sijachukua ruhusa ya kupika pombe.

Dada yako,
Bulandina


Kasese
27 Februari 1956

Dada,

Sijakuomba umuuze mtoto. Nimekuomba mtumbwi. Nitamwambia fundi wa Nyakalengija akuchongee mwingine, mzuri kuliko huo, wa mti mzima. Wa kwako una kizibo cha shaba kwa chini, wala hujawahi kujiuliza ni Mkonzo gani wa kabila letu aliyewahi kuweka kizibo cha shaba kwenye mtumbwi wa pombe.

Habari za Baba kusema hapana, usizishike. Wazee hukataa kwanza ndipo wafikirie. Amengoja jambo hili maisha yake yote.

Chifu lazima aje. Mgeni wa serikali hawezi kuingia katika nyumba za watu bila kiongozi, hata wewe unajua. Abdunoor naye ananisumbua. Amesema hapakii chombo cha pombe kwenye lori lake, lori linabeba unga wa watu wanaofunga. Basi akikuuliza, mwambie ni kipande cha ndege. Utakuwa umesema kweli tupu.

Danieri


Bwera
2 Aprili 1956

Danieri,

Walikuja Alhamisi. Sasa kaa chini.

Gari la Bwana Hollis lilivunjika springi njiani, kwa hiyo wote wakaletwa na lori la Abdunoor: Mzungu mbele, chifu katikati, na askari wawili nyuma juu ya magunia. Lori linasimama, chifu anashuka, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake, kwa sauti ya barazani, ni hili: "Iko wapi ule mutumbwi munapikia pombe?"

Wewe ungefanya nini? Ithungu na mumewe walikwisha ubeba kupitia mlango wa nyuma mpaka kwenye mibuni, wakaufunika majani ya migomba. Waliobaki tuliulizwa mmoja mmoja. Hakuna aliyeujua. Mzee wa jirani akaapa kwamba katika nyumba hii hatujawahi kuonja hata togwa. Chifu akacheka, maana Krismasi yeye mwenyewe alikunywa hapa mpaka akasahau fimbo yake. Danieri, nilijiona mjanja. Nilikuwa nakaribia kucheka.

Kisha Bwana Hollis akamwacha chifu, akaenda akachuchumaa mbele ya Baba. Akamwuliza polepole kwa Kiswahili chake, "Mzee, wewe ulishika ndege ziwani?" Baba akamtazama. Halafu akatazama lori, mahali Abdunoor alipokuwa amesimama ameegemea mlango. Akasema, "Hapana, bwana. Miye hapana jua ndege. Ile ni maneno ya watoto."

Hapo hamu ya kucheka iliniisha. Mimi nilidanganya kuhusu chombo, lakini yeye alijikana mwenyewe, tena mbele ya wale wale wanaomwita mwongo. Bwana Hollis alimpa mkono, wakaondoka. Tangu siku hiyo Baba hasemi zaidi ya "lete maji".

Nilikuomba usimlete chifu.

Bulandina


Kasese
9 Aprili 1956

Baba yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Bulandina atakusomea barua hii, na ninamwomba asipunguze neno.

Bwana Hollis alipita dukani akirudi. Hakunitukana. Aliniambia kwa upole kwamba amekutana na wana wengi wanaowapenda baba zao, akalipia kamba nyingine akaenda. Wenzangu wote walisikia. Baba, ningependa angenitukana.

Kwa miaka yote umetusimulia: maji ya kifua, harufu ya petroli, mkono wa afande ukishuka. Nimekuamini wakati hakuna aliyekuamini. Nimekutafutia mtu wa kuandika, nimemleta mpaka mlangoni kwako, nawe ukamwambia ni maneno ya watoto. Ikiwa uliogopa faini ya Bulandina, ningelipa. Ikiwa uliona haya mbele ya chifu, chifu ni nani? Na ikiwa hukuwahi kushika ndege yoyote, niambie leo, niache kujitia aibu mbele ya watu.

Nimechoka, Baba. Nasema kwa heshima, lakini nimechoka.

Mwanao,
Danieri


Bwera
30 Aprili 1956

Danieri,

Hii ni barua ya Baba. Anasema, mimi naandika. Amenikataza kurekebisha Kiswahili chake, anasema ni cha jeshi na kimemfaa.

"Mwana wangu Danieri. Unauliza kama nilishika ndege. Nilishika. Tulikuwa watu wawili ku bawa ya kushoto, miye na Twaibu. Twaibu alikuwa mutu wa hapa Bwera, Mwislamu, rafiki yangu. Tulitoka pamoja, yeye aliacha bibi na mimba.

"Kazi ilikuwa hivi. Afande anasema shika. Sisi tunaingia maji mupaka kifua, tunashika ile boya ndogo ya bawa, wengine wanashika mukia. Injini inalia, ndege inataka kwenda. Afande akishusha mukono, tunaachia. Hajashusha, hakuna kuachia. Siku moja upepo ilitoka ku milima ikageuza ndege mbele ya amri. Hakuna mutu aliachia. Bawa ikalala upande wa Twaibu, boya ikamupiga kichwa, ikavunjika ku bawa, ikakaa juu yake. Kumutoa, alikuwa amekufa.

"Tulimuzika kando ya maji, Waislamu wawili wakasoma. Unajua desturi yetu. Mutu akifa safarini, mwenzake harudi kwa watu yake mikono mitupu. Lakini Twaibu alikuwa na nguo moja, na tulimuzika nayo. Sikuwa na kitu. Nikaomba ile boya. Wazungu walicheka, wakanipa. Nikaleta ku kichwa mupaka Bwera, watu njiani wananiuliza kama nabeba sanduku ya maiti.

"Kufika, bibi yake hayuko. Watu walimwambia Twaibu ameoa Kongo, hatarudi, akachukua mutoto akaenda, na hapana mutu alijua wapi. Niliweka boya ndani ya nyumba, nangoja. Nimengoja sana. Mama yenu alikuwa na ndizi, hakuwa na mutumbwi. Akaniuliza. Sikukataa.

"Sasa mutoto alirudi, mwanaume, na lori. Ni Abdunoor. Anapita hapa kila wiki, ananisalimu mzee, mzee. Nimwambie nini? Hii kitu iliua baba yako, na ndani yake tumekunywa kwa harusi zote za kilima? Na weye ukamuleta yeye yule, na Muzungu, na chifu, ukasema sema sasa, mbele ya watu.

"Jina ya kuandika si yangu. Andika Twaibu."

Hapo amemaliza, amelala. Sasa nasema mimi. Sikujua, Danieri. Nimewaogesha watoto wangu ndani ya mtumbwi ule. Nimeufunika chini juu nyuma ya nyumba na nimewaambia watu umepasuka. Baba anataka kumwita Abdunoor.

Bulandina


Kasese
12 Mei 1956

Dada,

Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nakasirika mahali tofauti. Nakasirika na Wazungu waliocheka. Nakasirika na Baba: kwa nini alinyamaza? Abdunoor yuko Bwera tangu nimalize shule. Nakasirika na mimi mwenyewe zaidi, kwa ile barua.

Lakini sikiliza, bado haijaharibika. Yataandikwa majina mawili. Twaibu aliyekufa akishika, na Blasio aliyelibeba kichwani mpaka nyumbani. Ni haki kwa wote wawili, na ni kweli tupu. Nimemwandikia Bwana Hollis kwamba boya limepatikana, naye amejibu kwamba kama ninalo kweli nimpelekee Kampala, yeye Bwera harudi. Sikumlaumu.

Mwombe Baba asimwambie Abdunoor chochote kwanza. Ningoje mimi nije nizungumze naye vizuri, kiume, nimweleze kwa utaratibu. Mambo haya yanahitaji mtu wa kuyapanga.

Danieri


Bwera
3 Juni 1956

Bwana Danieri,

Asalaam aleikum. Ninakuandikia mimi Abdunoor, mwenye lori.

Baba yako aliniita baada ya Ijumaa. Nilidhani ana mzigo. Alinikalisha, akakataza chai isiletwe kabla hajasema, akanieleza yote mpaka mwisho. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba akaufunua.

Nilimshukuru kwa kumzika baba yangu. Kwa hilo nitamshukuru mpaka nife. Nilimshukuru pia kwa kulibeba. Hayo nilimwambia usoni, nakuambia na wewe ili usidhani mimi sina shukrani.

Sasa nisikilize. Mama alinipeleka Katwe kwa wajomba zangu, wachimba chumvi. Alikufa akiamini kwamba ameachwa. Nimekua nikiitwa mtoto wa mtoro. Nilipotaka kuoa mara ya kwanza, wakwe waliuliza baba yuko wapi, na wajomba wakatazamana. Nimerudi Bwera, nimepita mbele ya nyumba yenu wiki baada ya wiki. Mwaka juzi baba yako alipozidiwa nilimbeba hospitalini mbele kwenye lori, tukiwa wawili tu, njia nzima. Akanisimulia habari za mvua.

Angeniambia siku ile, ningemsamehe kabla hatujafika. Leo sijui.

Boya ni langu, amesema mwenyewe kwamba alilileta kwa ajili ya watu wa Twaibu. Nimekubali liende Kampala, maana nataka wanaosema baba yangu alitoroka wajue alikufa akishika. Nitaliosha mimi, nitalipakia mimi. Lakini jina litakuwa moja. Sitaki mtu asome jina la baba yangu, na pembeni yake asome jina la nyumba iliyopika pombe ndani ya kitu kilichomwua. Likiandikwa jina la Blasio, boya halitoki Bwera.

Wewe umesoma, unaweza kuandika barua ya kunishinda. Nakuomba usiiandike.

Wasalaam,
Abdunoor bin Twaibu


Kasese
11 Juni 1956

Dada,

Barua ya kumshinda niliiandika. Kurasa nne. Nikaichana.

Lakini wewe nikuambie. Hivi ni haki? Bila Baba kungekuwa na nini? Kaburi lisilojulikana kando ya ziwa, basi. Wazungu wangelitupa lile boya motoni wapikie chai. Yeye ndiye aliyeliomba, shingo yake ndiyo iliyolibeba, yeye ndiye aliyechekwa maisha yake yote kwa kusema kweli. Leo kweli imekubaliwa, na yeye peke yake ndiye asiyetakiwa ndani yake. Ningeweza kuvumilia kama angekataa Mzungu. Huyu ni mtu wetu.

Kuna lori la Muhamood hapa Kasese, anakuja Bwera Jumanne, na hana maswali mengi. Tunaweza kulichukua boya asubuhi Abdunoor akiwa Katwe. Mwambie Baba. Akikubali, nipelekee neno moja tu.

Danieri


Bwera
20 Juni 1956

Danieri,

Nilimwambia. Akasema, "Lori ni ile ile, ya Abdunoor." Nikamwambia maneno yako yote, na shingo, na kuchekwa. Akasema, "Danieri amesema vizuri. Lori ni ile ile." Nikamuuliza kama haumii. Akasema anaumia. Kisha akaomba uji.

Jana Abdunoor aliliosha boya mtoni Lubiriha. Alianza asubuhi, kanzu ameikunja kiunoni, kwa mchanga, sabuni na majivu, akisugua kila ubao. Watu walijaa ng'ambo kutazama. Baba alinilazimisha nimpeleke, akakaa kwenye jiwe. Hawakusemezana ila mara mbili. Mara ya kwanza Baba alimwonyesha kizibo kinavyofunguka, kinakwenda kinyume. Mara ya pili Abdunoor alisimama, maji yanamtiririka mikononi, akauliza, "Alikuwa anashika wapi?" Baba akaingia majini na viatu vyake, akamwonyesha mahali ukingoni. Abdunoor akaweka mkono hapo. Alikaa hivyo muda, sisi tukatazama pembeni.

Nami nimekasirika, usidhani ni wewe peke yako. Sasa napika kwenye pipa la mafuta, na pombe ina ladha ya lori. Watu wananiuliza mtumbwi uko wapi na siwezi kusema. Nikisema ulikuwa wa ndege, nitakuwa nimemtaja Twaibu, na nikimtaja Twaibu nimemtaja na tulichokipika ndani. Kwa hiyo huku Baba ataendelea kuitwa mwongo, na mimi nitanyamaza nikisikia. Yeye ameamua. La kuvunda halina ubani.

Abdunoor anafika kwako na boya Jumatatu ya pili ya mwezi ujao. Panda treni pamoja na Abdunoor. Baba amesema lazima uwepo, kwa sababu wewe ndiye unayemjua Bwana Hollis. Usimgombeze Abdunoor njiani.

Dada yako,
Bulandina


Kampala
14 Julai 1956

Dada yangu,

Tumefika, na kazi imekwisha.

Njiani hatukugombana. Hatukuzungumza pia. Abdunoor alikaa kwenye behewa la mizigo karibu na boya, amelifunika kwa shuka jipya, na mimi nikakaa na watu.

Bwana Hollis alitupokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alizunguka boya mara kadhaa, akagonga mbao kwa kidole, akapapasa misumari ya shaba, akafungua kile kizibo. Kisha akasimama wima akasema, "Hili ni lenyewe." Nilitamani Baba angekuwa pale alisikie neno hilo. Amelisubiri kuliko chakula, na likasemwa mbele yangu mimi nisiyefanya lolote.

Alikaa mezani na kadi ngumu nyeupe. Akauliza ni habari ya nani. Abdunoor akaeleza: Twaibu bin Sulaiti wa Bwera, aliyekufa akishika bawa la ndege ziwani kwa sababu hakuna aliyempa amri ya kuachia. Bwana Hollis akaandika yote hayo. Abdunoor alilia, hakujificha. Nami nililia kidogo, nakuambia kweli, kwa ajili ya Twaibu.

Halafu Bwana Hollis akanigeukia. "Na kutoka ziwani mpaka Bwera? Hiyo ni safari kubwa. Nani alilileta?"

Abdunoor alitazama sakafu. Aliniachia mimi.

Nikasema, "Mchukuzi mmoja."

Akasema, "Lakini si uliniambia ni baba yako?"

Nikamjibu, "Bwana, wewe mwenyewe ulimwuliza. Akakuambia hajui ndege."

Alikumbuka. Alinihurumia, Dada, niliona machoni. Akashika kalamu tena. "Basi huyo mchukuzi, jina lake?"

Nikasema halijulikani. Akaandika hivyo, kwa wino mweusi, mstari wa chini, akaniuliza kama ni sawa. Nikaisoma kadi yote, nikasema ni sawa.

Msomee Baba barua hii nzima. Hapo pa mwisho usiparuke.

Nduguyo,
Danieri wa Blasio